Aliyesiriba Saruji

Kwa akina Kalinga, kuvaa shela na kuapa mbele ya padri hakukumaliza kazi ya kuolewa. Padri alikupa mume, lakini mafiga ulipewa na shangazi. Na mpaka shangazi aje, akae chini, ainuke, kisha ageuke watu wamtazame nyuma, bibi harusi alipika kwenye moto wa mama mkwe, akasonga kwa mwiko wa mama mkwe, na chumvi ikizidi alinyamaza, maana chungu hakikuwa chake.

Shangazi mwenyewe aliitwa Kresensia, dada mkubwa wa mzee Kalinga, mkazi wa Mlandege kule Iringa. Alikuwa na shuka moja la bafta, jeupe pepepe, ambalo halikuvaliwa kanisani wala harusini. Lilivaliwa siku ya kukagua nyumba tu. Siku hiyo Shangazi Kresensia alijifunga shuka lake kiunoni, akaingia chumba hiki, akatoka, akaingia kile, na kila alipoingia alikaa sakafuni pu! bila mkeka wala kigoda. Akiinuka, wanawake wa ukoo walimzunguka wakamkagua makalio. Shuka likiwa safi, bibi harusi alipewa mawe yake matatu na moto wake. Likiwa na doa, shangazi alipanda basi akarudi zake Iringa, na bibi harusi alingoja mpaka shangazi ashikwe tena na hamu ya kusafiri. Mke wa Liberatus, binamu yao, alikuwa mama wa watoto wawili na bado alikuwa anaomba ruhusa ya kuchemsha uji.

Yudith aliyajua yote hayo. Aliolewa na Ambrosi Kalinga, seremala wa hapo Mbeya mjini, baada ya mavuno ya mwaka uliotangulia, akatoka kwao Nyololo na sanduku lake la bati akaja kukaa nyuma ya soko, kwa wakwe. Ambrosi alikuwa amemjengea jiko dogo uani, la miti na udongo, limeezekwa vizuri. Jiko lilikuwa tupu. Kila asubuhi Yudith alilifagia, akasimama katikati kidogo, akatazama mahali ambapo angependa mafiga yakae, kisha akaenda kupika kwa mama mkwe.

Alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi. Kama asingekuwa hivyo, labda lile jina lisingemwingia sana.

Jina lenyewe alilipata wiki ya kwanza ya ndoa. Nyumba ya mzee Kalinga ilikuwa na sakafu za aina tatu. Jikoni kwa mama mkwe palikuwa udongo. Chumba cha wazee kilitandikwa mbao, kazi ya Ambrosi. Ukumbini, mzee Kalinga, ambaye alikuwa fundi mwashi, alimwaga saruji mwaka ule ule wa harusi, na majirani walikuja kuikanyaga kama watu wanaokanyaga maji. Yudith alikuwa hajapata kuishi juu ya saruji. Alipoambiwa kwamba Jumapili katekista angekuja kula, alitazama ule ukumbi wa kijivu, mkavu, baridi kama tumbo la chura, akaona kwamba kazi imeachwa njiani. Kwao, mgeni akikukuta hujasiriba ni kama umemwambia hukumtarajia. Basi alidamka, akaenda kwenye zizi la Wasafwa chini ya mlima, akarudi na ndoo ya mavi ya ng'ombe mabichi, akayachanganya na majivu na maji, akapiga magoti, akausiriba ukumbi mzima. Aliuzungusha mkono kwa mapambo ya nusu duara, mstari juu ya mstari, mpaka ukumbi ukawa kama bawa la kanga.

Saruji haikunywa hata tone. Katekista alipoketi, ile siribo ilikuwa imekauka juu juu ikajikunja kama gamba la uji chunguni. Aliposimama ilimfuata. Ilimfuata kwenye viatu, kwenye pindo la suruali, hata kwenye kitabu chake cha nyimbo alichokuwa amekiweka chini.

Apolonia, wifi yake, ndiye aliyecheka wa kwanza na akanyamaza wa mwisho. Apolonia alikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba ile, mke wa askari polisi, mnene wa haja, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Alikuwa anakaa kota za polisi, lakini kila siku alishinda kwa mama yake.

"Msiriba-Saruji!" alisema huku akijifuta machozi. "Jamani, mdogo wangu kaoa Msiriba-Saruji! Kesho atapaka mavi na bati la juu!"

Jina likatembea. Bombani wanawake walimpisha kwa heshima ya uongo: "Mpisheni fundi achote maji." Yudith alitabasamu, akachota, akajitwisha, akaondoka. Lakini usiku aliwahi kumwambia Ambrosi, "Nitapata mafiga yangu kwa sakafu hizo hizo." Ambrosi alijibu kwamba mambo ya sakafu ni ya wanawake, akageuka upande wa ukuta.

Tangu hapo Yudith aliziangalia zile sakafu tatu kama mtu anavyoangalia watoto watatu wenye tabia tofauti. Aliona kwamba ya udongo inataka kulishwa. Ukiinyima siribo inatoa vumbi, ukiizidishia inapasuka. Ya mbao haitaki maji mengi, inavimba na kununa. Alianza kukusanya makapi ya chai ya mama mkwe, akayakamua yakabaki na unyevu kidogo, akayamwaga juu ya mbao na kufagia. Vumbi lilishikwa na makapi badala ya kuruka na kutua upya. Na saruji aliipiga deki tu kwa maji na tambara, asubuhi na jioni, kwa adabu, kama unavyomsalimia mtu uliyewahi kumkosea.

Mwezi wa saba, baridi ikiwa ndiyo baridi kweli, na ukungu ukishuka kutoka mlima Loleza mpaka uani, mama mkwe aliingia jikoni akakaa kwenye kigoda chake.

"Mkamwana."

"Abee, mama."

"Shangazi yenu kaleta habari kwa dereva wa basi. Jumamosi yuko hapa."

Yudith aliendelea kuchambua maharage. Mikono haikusimama, lakini baadaye alikuta ameyatupa mazima na kuyabakiza yaliyotobolewa.

Alianza na udongo, kwa sababu udongo ndio ulikuwa na haraka ya kukauka na hali ya hewa haikuwa na haraka yoyote. Alisiriba siku ya Jumatatu, siribo nyembamba, majivu mengi kuliko mavi, akawasha moto mdogo ukae siku nzima. Siribo iliposhika, kabla haijakauka kabisa, alichukua jiwe laini la mtoni akaanza kuisugua, kipande kwa kipande, mpaka udongo ukawa na mng'ao wa ngozi iliyopakwa mafuta. Ukipitisha kiganja hakikutoka na kitu. Mbao alizikwangua kwa mchanga mara moja, akaziacha zikauke milango wazi, kisha akarudi kwenye makapi yake ya chai. Saruji aliipiga deki na kuifuta kwa tambara kavu. Ilikuwa kijivu na safi. Ijumaa asubuhi alizunguka nyumba nzima peku, akaridhika, akachukua nguo akaenda kufua mtoni.

Aliporudi, jua likiwa limeanza kuinama, alikuta mlango wa mbele wazi na harufu kali imejaa ukumbini. Katikati ya ukumbi Apolonia alikuwa amepiga magoti, kanga imefungwa kifuani, jasho linamtoka, na kando yake kopo kubwa la polishi limebaki tupu. Sakafu ilikuwa nyekundu. Nyekundu ya ukuta kwa ukuta.

"Wifi, usikanyage!" Apolonia alipaza sauti kwa furaha. "Nimekupambia! Shangazi akiingia hapa atadhani yuko kwa mke wa inspekta. Ya kwake iko hivi hivi, nimeiona kwa macho yangu. Kopo zima nimemaliza! Haya, niambie ahsante."

Yudith alitua karai la nguo. Aliinama akagusa sakafu kwa kidole kimoja, akakiinua. Kidole kilikuwa chekundu mpaka kwenye kiungo. Alikinyoosha tu mbele ya macho ya wifi yake.

"Nini? Ni polishi hiyo," alisema Apolonia. "Polishi ina ra—"

Akakatika hapo hapo.

"Bafta," alisema kwa sauti ndogo ambayo Yudith hakujua kwamba anayo. "Yesu na Maria. Bafta ya shangazi."

Mama mkwe alitokea mlango wa ndani, akaona, akashika kichwa. "Apolonia! Umemwua mwenzio!"

"Mama, mimi nilitaka papendeze tu!"

"Papendeze! Pamependeza kama machinjioni!"

"Basi tutandike majamvi."

"Shangazi yako amekaa kwenye jamvi lini? Hata hapo kwa mke wa Liberatus walitandika, akalikunja mwenyewe akalitupa nje!"

Apolonia akaanza kulia, kilio cha kweli, machozi yakidondoka juu ya polishi na kukaa hapo kama shanga. Yudith aliyatazama yale machozi. Kisha akatazama viatu vya mlangoni. Vilikuwa buti za askari, za mume wa Apolonia, alizoziacha wifi hapo ili baadaye azipeleke kwa fundi zitiwe soli. Zilikuwa nyeusi, zinang'aa kama macho ya panya.

"Wifi," alisema, "buti za shemeji huwa zinapaka rangi soksi zake?"

"Nini?" Apolonia alivuta kamasi. "Buti zinahusu nini sasa?"

"Au suruali. Huwa zinaichafua?"

"Thubutu! Suruali ichafuke, aende gwarideni? Anazisugua mpaka zinataka kutoa moshi. Akimaliza hata ukipitisha mkate unakula."

"Na polishi anayopaka ni nyingi?"

"Kidogo tu. Inayozidi anaipangusa kwanza."

Wote watatu wakatazamana. Yudith tayari alikuwa anakunja mikono ya gauni.

Walianza kwa kupangusa. Yudith alilowesha tambara kwa mafuta ya taa, kidogo, akapita nalo ukumbi mzima akiichukua ile polishi iliyolala nene, na matambara yakawa mekundu moja baada ya jingine mpaka kamba ya uani ikaonekana kama ya mchinja mbuzi. Kisha wakasugua. Hapo ndipo shida ilipokuwa. Yudith alikuwa mwembamba kama uwele. Alikaza mikono yote miwili, akabana meno, na tambara liliteleza tu juu juu bila kuikandamiza. Alijaribu hapa na pale, akakaa juu ya visigino, akapumua. Aliitazama sakafu, akamtazama wifi yake toka kichwani mpaka miguuni, polepole, kama mtu anayekadiria gunia.

"Unanitazamia nini?" aliuliza Apolonia.

Yudith aliingia chumbani kwake akatoka na blanketi kuukuu la sufu. Alilikunja mara nne, akalitandaza katikati ya ukumbi.

"Kaa."

"Nikae wapi?"

"Hapo juu yake. Mimi nitavuta."

"Wewe! Mimi ni punda au ni mkokoteni?"

"Wewe ni uzito, wifi. Tangu nimekuja hapa umenikalia kichwani mwaka mzima. Leo kaa na chini, tupate faida."

Mama mkwe alishikwa na kikohozi cha ghafla, akageuka kutazama ukutani. Apolonia alipanua macho, mkono kiunoni, kisha kikamtoka kicheko, kile kile chake cha ng'ambo ya mto.

"Kumbe una mdomo! Mama, umemsikia? Mtu ana mdomo huyu, alikuwa kauficha sandukuni!" Akakaa, akajipanga, akashika pembe za blanketi. "Haya, vuta, fundi. Ukinivunja kiuno utaolewa na shemeji yako pia."

Yudith alijifunga kanga kiunoni, akashika ncha za blanketi, akavuta. Mwanzo halikwenda. Likaanza kwenda kidogo kidogo, likilalamika, kisha likakubali. Alimvuta wifi yake kutoka mlangoni mpaka dirishani, akageuka, akamrudisha, na nyuma ya blanketi ulibaki mstari uliong'aa. Kwenye pembe, ambako Apolonia hakuingia, Yudith alizungushia tambara kisigino akasugua kwa mguu. "Sogea huku, sijakupitisha hapa," alisema. "Egemea kulia. Zidi. Usijishikilie, jiachie." Apolonia alianza kuimba wimbo wa kutwanga ili mvutaji apate mapigo. Majirani walisogea dirishani. Mmoja aliuliza kama kuna mgonjwa.

"Mgonjwa ni wewe!" alijibu Apolonia akipita mbele ya dirisha. "Sisi tunapiga pasi!"

Kabla mwanga haujaisha, Yudith alichukua leso yake nyeupe, ya siku ya harusi, akaifuta sakafuni. Ilitoka na wekundu kama wa mtu aliyepangusa mdomo baada ya kula zambarau mbivu. Wakaendelea. Jumamosi walianza tena alfajiri, blanketi likigeuzwa upande wa pili, na leso ya pili ikatoka na kivuli tu. Ya tatu hawakuwa nayo, kwa hiyo Apolonia alivua kilemba chake cheupe cha kanisani, akakitazama kwa huzuni, akampa.

Yudith alikisugua kwa nguvu zote, hapa, pale, katikati, penye pembe. Akakiinua mbele ya dirisha. Kilikuwa cheupe.

Hakuna aliyeshangilia. Wote wawili walikaa chini wakahema, na basi la Iringa lilikuwa linapiga honi stendi.

Shangazi Kresensia alikuwa mdogo wa umbo, mkavu, na macho yake hayakuhitaji taa. "Kamwene," alisalimia wote, akajibiwa, akakataa chai. "Chai baadaye. Nimekuja kukaa." Akaingia chumbani kubadili, akatoka na bafta.

Wanawake wa ukoo walikuwa wamejaa. Jikoni alikaa pu, akapitisha kiganja juu ya udongo, akanusa, akainuka, akageuka. Safi. Chumba cha mbao alikaa muda mrefu zaidi, akagonga ubao mmoja kwa kifundo cha kidole, akainuka, akageuka, na wanawake wakavuta pumzi. Palikuwa na kitu cheusi kimeganda kwenye bafta.

Yudith alisogea karibu aone.

Shangazi alijipinda, akakibandua kwa kucha, akakinusa. "Majani ya chai," alisema. Akalikung'uta shuka, akalitazama kwenye mwanga. Halikuwa na alama. "Uchafu unaotoka ukikung'utwa si doa, ni mgeni. Twendeni."

Mlangoni mwa ukumbi alisimama ghafla, hata waliomfuata wakagongana. Sakafu nyekundu ilikuwa imelala mbele yake, na dirisha lote lilionekana ndani yake, pamoja na mawingu.

"Nani aliyeweka wekundu huu?"

"Mimi, shangazi," alisema Apolonia, akitazama miguu yake.

"Na mnataka mimi nikae hapo? Na bafta hii?"

Mama mkwe alifungua mdomo aeleze. Wanawake walianza kuguna. Yudith, ambaye tangu shangazi aingie hakuwa amesema zaidi ya salamu, alisogea mbele.

"Kaa, shangazi."

Miguno ilikatika. Shangazi Kresensia alimgeukia, akamkazia macho. Yudith hakuinamisha yake.

"Haya," alisema bibi kizee.

Akaingia, akachagua katikati, akajishusha kwa nguvu zake zote, pu! Lakini sakafu haikumpokea pale alipokusudia. Ilimbeba. Shangazi Kresensia aliteleza, miguu juu, mikono hewani, kama kibuyu juu ya maji, akaenda zake mpaka ukuta wa pili na kutua hapo kwa mgongo, akiwatazama wote.

Kisha shangazi akaanza kutikisika mabega, na ilichukua muda kidogo watu kuelewa kwamba anacheka.

"Niinueni," alisema akifuta macho. "Jamani, niinueni, nataka kwenda tena."

Walimwinua. Akageuka. Hakuna aliyethubutu kuangalia isipokuwa Apolonia, aliyeinama kabisa, pua karibu iguse bafta, akazunguka kulia, akazunguka kushoto, akainuka na kupiga kigelegele kilichowashtua watu wa sokoni.

"Nyeupe!" alipiga kelele. "Nyeupe pe! Njooni mwone!"

Wakaja wote, wakaona, vigelegele vikapokezana mpaka uani. Shangazi aliinua mkono wakanyamaza.

"Sakafu hii imeng'arishwa na nani?"

"Tulikuwa wawili, shangazi," alisema Yudith.

"Mwongo huyo!" alidakia Apolonia. "Mimi nilikuwa tambara tu. Yeye ndiye aliyelivuta, tangu jana, na uzito huu mnaouona. Mtu mwingine angekufa!"

Mawe yaliletwa na wanawake watatu, kila mmoja na lake kichwani, wakiimba, na shangazi akiwatangulia na bafta yake kama bendera. Mlangoni mwa jiko dogo walisimama, kwa sababu mahali pa kuyaweka anachagua mwenyewe. Yudith aliwaonyesha bila kusitasita: pale, mbali na mlango upepo usiuzime moto, karibu na ukuta wa mashariki. Mama mkwe alikuja mwisho akibeba makaa ya moto wake kwenye kigae, akayamwaga katikati ya mafiga, akatoka.

Yudith alipuliza. Moto ukashika. Aliteleka chungu, akatia maji, akatia chumvi kiasi alichokipenda yeye.

Unga ulipokuwa umeanza kushikana, alisikia mtu anakohoa nje.

"Hodi," ilisema sauti ya mama mkwe. "Hodi hapa."

Yudith alisikia vizuri sana. Aligeuza ugali upande mmoja, akaugeuza upande wa pili, akaukanda mpaka ukaiva alivyotaka, akaupakua. Kisha akanawa mikono, akaenda mlangoni.

"Karibu, mama," alisema. "Karibu ndani."